Faini

Kitabu kilirudi baada ya miezi tisa,
jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia,
kinanuka moshi na zabibu zilizochacha.
Aliyekileta si Yunis aliyekiazima,
ni mama yake, Foibe Madeje,
muuza zabibu wa Mpunguzi, barabara ya Iringa,
pale mabasi yanapopunguza mwendo.

"Mwalimu, faini shilingi ngapi?"

Nikafungua. Kwanza nikakuta deni:
"Chilongani, ndoo mbili, hajalipa."
Wino wa bluu, pambizoni, ukurasa wa arobaini na tatu,
mahali ambapo mwanamke asiye na jina
anapanda kilima, mtungi kichwani,
huku akiimba.

Nimetunza maktaba hii miaka kumi na sita.
Wanawake wa vitabuni nawajua kama majirani:
wanaolia mlangoni, wanaotenga ugali na kutoka,
wanaokufa mapema
ili mtoto wa kiume apate uchungu wa kusafiri nao.
Wote nimewagongea mhuri,
nikawapanga kwa alfabeti
ya majina ya wanaume waliowaandika.
Sikuwahi kumuuliza hata mmoja
kama mtungi ni mzito.

Chini ya deni, Foibe aliandika:
"Mtungi? Sisi ni ndoo. Lita ishirini.
Na hakuna anayeimba akipanda.
Unaimba ukishuka, ndoo tupu."

Nikafunua mbele, kama mwizi.
Ukurasa wa sitini, macho yake yanang'aa kama mbalamwezi:
"Huyu kaingiwa moshi. Mpeni maji anawe."
Wa themanini, anamngoja mume kibarazani, miaka saba:
"Miaka saba hakupalilia? Walikula nini?"
Wa mia moja na kumi na mbili, anakufa, mistari miwili tu.
Hapo wino ulikuwa umekwisha.
Kaandika kwa penseli ya mtoto,
kakandamiza mpaka karatasi imetoboka:
"Asife. Hajamaliza."

Haya uliyaandika lini?

"Korongoni, mwalimu, kiangazi.
Unafukua mchanga hadi kiunoni, halafu unakaa.
Maji hayaitwi. Yanakuja yanapotaka,
kata moja, unangoja, kata nyingine.
Wenzangu wanasinzia. Mimi nilikuwa na hiki cha Yunis.
Nikaona huyu mama anasingiziwa."

Kanuni ziko ukutani, nimezichapa mwenyewe:
kuandika ndani ya kitabu, shilingi elfu tano.
Nikakata risiti. Sikutaka kumdhalilisha kwa huruma.
Akalipa nusu kwa noti za pindo la khanga,
nusu kwa zabibu. Tukazila pale pale mezani,
kokwa tukazitemea dirishani.

Kisha nikatoa kadi ya kitabu.
Penye "Mwandishi" pana jina la yule bwana, kwa mashine.
Nikaongeza "na".
Mkono ukasita.
Niandike Mama Yunis?

"Andika Foibe," akasema, akijifunga kitenge upya.
"Mama Yunis ni wa madukani."

Siku hizi wasichana wa kidato cha tatu
wanakiazima kwa foleni.
Katikati ya ukurasa hawapasomi. Wanasoma ukingoni.
Na chini ya "Asife" mtu kaandika, simjui,
"Afe, apumzike,"
na mwingine, kwa wino mwekundu,
"Hapana. Alale tu."
Faini hizo sijadai.

Jumamosi nilimkuta Chilongani soko la Majengo
akibonyeza vitunguu kimoja kimoja.
Bwana, nikamwambia, umeandikwa kitabuni.
Akanyoosha kola.
"Kweli? Wananisemaje?"

Ukurasa wa arobaini na tatu.
Ndoo mbili.
Hujalipa.